Juano Hernandez: Maisha na Kazi ya Mwigizaji wa Nafasi za Kando

Katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, wahusika wasaidizi aghalabu hupewa aya moja, tena ya mwisho. Mwanafunzi akishamchambua mhusika mkuu, huwataja hao wengine kwa majina na sifa mbili tatu, kisha akaingia katika dhamira. Hali ni iyo hiyo katika historia ya sinema ya Marekani. Vitabu vimejaa habari za nyota waliobandikwa picha zao nje ya majumba ya sinema, ilhali waliokuwa wakiingia kwa dakika kumi, wakasema maneno machache na kutoka, wametajwa kwa uchache mno. Hata hivyo, studio za Hollywood baina ya miaka ya 1930 na 1960 ziliwategemea watu hao siku zote. Mmoja wao alikuwa Juano Hernandez, mtu mweusi kutoka Puerto Rico, ambaye kwa muda wa miaka ishirini na ushei aliigiza mkulima, mpiga tarumbeta, mvuvi, hakimu, mchungaji, sajini, mtumishi wa nyumbani, na mara moja mzee wa Kigikuyu aliyelisha watu kiapo cha Mau Mau. Nafasi hiyo ya mwisho haikuwa bora katika kazi zake, lakini kwa msomaji wa Kenya inatosha kuwa sababu ya kumchunguza mwigizaji huyu kwa makini.

Alizaliwa San Juan tarehe 19 Julai 1896, wakati kisiwa cha Puerto Rico kingali koloni la Uhispania. Miaka miwili baadaye, kufuatia vita vya 1898, kisiwa hicho kilitwaliwa na Marekani, na ilipofika 1917 wenyeji wake wakapewa uraia wa Marekani pasi na kuulizwa. Baba yake alikuwa baharia wa Puerto Rico na mama yake alitoka Brazili. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akachukuliwa na shangazi yake hadi Rio de Janeiro, ambako alikulia. Hakupata elimu rasmi. Aliimba njiani, akafanya sarakasi kwa ajili ya riziki, na alipopata nguvu akaingia katika ndondi. Alipigana katika visiwa vya Karibi kwa jina la Kid Curley. Lugha zake za kwanza zilikuwa Kihispania na Kireno. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa maana baadaye watazamaji wa Marekani walimpokea kama sauti halisi ya mtu mweusi wa Kusini mwa nchi yao, wala wengi wao hawakushuku kwamba msemaji alijifunza Kiingereza ukubwani.

Kutoka Karibi alifika New York. Huko alicheza katika maonyesho ya nyimbo na vichekesho yaliyozunguka mji hadi mji, akaimba katika kwaya ya kanisa, na mwaka wa 1927 akawa miongoni mwa waimbaji wa nyuma katika mchezo wa Show Boat huko Broadway. Nafasi ya kuimba nyuma ya wengine haikumridhisha. Redio ndiyo iliyokuwa ikipanuka wakati huo, na redio ilihitaji watu wa matamshi safi. Hernandez aliamua kujifunza Kiingereza kwa njia ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeistaajabia: alisoma tamthilia za Shakespeare kwa sauti, akinyoosha irabu na kupima pumzi, mpaka ulimi ukatii. Mtu aliyeanza na Shakespeare kisha akateremka hadi lahaja za mashamba ya pamba alikuwa na masafa marefu ya kuchezea. Ukisikiliza filamu zake mbili tatu kwa mfululizo utagundua kuwa hasemi kwa namna moja.

Mwaka wa 1933 alikuwa John Henry, jabali la ngano za watu weusi wa Marekani, katika mfululizo wa redio ya CBS. Baadaye alisikika kama Lothar katika Mandrake the Magician, na katika vipindi vingine vingi, vikiwemo The Shadow na Against the Storm. Redio ilikuwa na faida moja kwa mtu kama yeye. Msikilizaji alisikia sauti tu, na sauti haikulazimika kuingilia mlango wa nyuma. Aidha, aliandika michezo ya redio mwenyewe.

Hollywood ya wakati huo haikuwa na nafasi kwake. Mwigizaji mweusi aliyetaka kuingia alipewa trei, aproni au mizigo ya kubeba stesheni. Waliokubali, kama Hattie McDaniel aliyepata tuzo ya Oscar kwa kuigiza mtumishi katika Gone with the Wind, walilaumiwa na wenzao; waliokataa walikaa bila kazi. Kando ya Hollywood kulikuwa na sinema nyingine, maskini wa fedha na vifaa, iliyotengenezwa kwa ajili ya majumba ya watu weusi. Kinara wake alikuwa Oscar Micheaux, mwandishi wa riwaya aliyegeuka mtayarishaji. Hernandez alionekana katika filamu tatu za Micheaux: The Girl from Chicago ya 1932, Lying Lips ya 1939, na The Notorious Elinor Lee ya 1940. Si filamu nzuri. Taa zake ni hafifu na waigizaji wengi wanasema kama wanaosoma ubaoni. Lakini ndani yake watu weusi ni madaktari, wapelelezi na wenye mabaa, jambo ambalo Hernandez hakuliona tena kwa urahisi katika studio kubwa. Jukwaani, aliigiza katika Strange Fruit mwaka wa 1945, na mwaka wa 1948 akawa katika Set My People Free, mchezo kuhusu njama ya watumwa iliyoongozwa na Denmark Vesey huko Charleston mwaka wa 1822.

Kisha ukaja mwaka wa 1949, naye ana umri wa miaka hamsini na miwili. William Faulkner alikuwa amechapisha riwaya ya Intruder in the Dust mwaka uliotangulia, na kampuni ya MGM ikanunua haki ya kuifanya filamu. Mkuu wa kampuni, Louis B. Mayer, hakuipenda fikra hiyo. Mwelekezi Clarence Brown aliing'ang'ania, akiungwa mkono na Dore Schary. Brown alikuwa na sababu yake: akiwa kijana alishuhudia machafuko ya Atlanta ya mwaka wa 1906, ambapo umati wa wazungu uliwaua watu weusi barabarani. Akaamua kuipeleka kamera Oxford, Mississippi, mji wa Faulkner mwenyewe, na kuwatumia wakazi wa mji huo kama umati.

Kisa chenyewe ni hiki. Lucas Beauchamp, mkulima mweusi mwenye shamba lake, anakutwa karibu na maiti ya mzungu aliyepigwa risasi. Anatiwa gerezani, na watu wa mji wanakusanyika wakingojea ndugu za marehemu waje kumtoa na kumteketeza. Lucas hajitetei. Anamwita kijana wa kizungu, Chick Mallison, na kumwagiza akafukue kaburi. Kijana huyo ana deni naye. Zamani alitumbukia katika kijito chenye barafu, Lucas akampeleka nyumbani, akamkausha na kumlisha. Kijana alipotaka kulipa kwa sarafu, Lucas alikataa kuzipokea, na tangu hapo mtoto wa kizungu amekuwa akiteseka kwa sababu mtu mweusi amemtendea kama mgeni wa kawaida.

Mwandishi wa tamthilia angetambua mara moja ugumu wa nafasi hii. Lucas yuko gerezani sehemu kubwa ya filamu, naye husema maneno machache. Hamshukuru mtu, hamwombi mtu, wala havui kofia. Mwigizaji mwingine angeongeza machozi ili watazamaji wamhurumie. Hernandez anatembea kuelekea gerezani mbele ya umati kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, uso umeinuliwa, macho hayatafuti rafiki. Kinachoonekana usoni mwake ni kuudhika. Lucas amekerwa kwamba watu hawa wamemchelewesha. Uamuzi huo wa mwigizaji ndio unaoibeba filamu nzima, maana mji mzima unataka kumwona akiogopa kabla haujamwua, naye anawanyima hilo.

Onyesho la mwisho ni la ofisini kwa wakili. Kesi imekwisha, muuaji halisi amejulikana, na Lucas amekuja kulipa. Wakili anakataa ada, kisha anakubali dola chache kama kwa mzaha. Lucas anatoa pesa, anahesabu sarafu moja moja mezani, kisha anabaki amesimama. Wakili anamuuliza anangoja nini. Anangoja stakabadhi. Asiyepewa stakabadhi amepewa hisani, na Lucas hakuja kwa hisani. Hernandez anaichezea sehemu hii kwa ukavu hivi kwamba mtazamaji anacheka kwanza, halafu anafahamu.

Nje ya kamera mambo yalikuwa mengine. Sheria na desturi za Mississippi hazikumruhusu Hernandez kulala na waigizaji wenziwe wazungu, hivyo akapangiwa katika nyumba ya familia ya mtu mweusi aliyekuwa na shughuli za mazishi mjini humo. Walioandika maisha ya Faulkner wanasimulia pia kwamba mwandishi huyo na aila yake waliwaandalia waigizaji karamu nyumbani kwao, lakini mwigizaji wa Lucas Beauchamp hakualikwa. Kumwalika yeye kungedai wenyeji wake weusi nao waalikwe. Kwa hiyo mtu aliyebuni mhusika asiyevua kofia hakuweza kumkaribisha mezani aliyemtia uhai. Hilo halimfanyi Faulkner kuwa mwandishi mbaya, lakini linaonyesha umbali uliopo baina ya kalamu na sebule. Filamu ilizinduliwa Oxford katika jumba la sinema la Lyric tarehe 11 Oktoba 1949.

Mwaka huo zilitoka filamu nne za Marekani zilizojadili ubaguzi wa rangi. Ralph Ellison, ambaye riwaya yake ya Invisible Man ilikuwa bado haijachapishwa, alizihakiki zote kwa pamoja na kuhitimisha kuwa Intruder in the Dust pekee ndiyo iliyoweza kuonyeshwa Harlem bila watazamaji kuangua kicheko mahali pasipotarajiwa. Kwa hakika nyingine zilitumia hila: Pinky, mathalan, ilimpa mwigizaji mzungu nafasi ya mwanamke mweusi anayefanana na wazungu. Tuzo za Golden Globe zilimteua Hernandez katika kundi la nyota wapya wa mwaka. Nyota huyo mpya alikuwa na zaidi ya miaka ishirini jukwaani na redioni. Tuzo ilikwenda kwa mwingine.

Mwaka wa 1950 ulimletea nafasi tatu, kila moja ya kufaa kutazamwa. Katika Young Man with a Horn ya Michael Curtiz, yeye ni Art Hazzard, mpiga tarumbeta wa muziki wa jazi anayemfunza kijana wa kizungu, aliyeigizwa na Kirk Douglas. Mwanafunzi anapata jina, mwalimu anazeeka na kufa baada ya kugongwa na gari. Ni nafasi iliyoandikwa kwa kanuni ya kawaida ya Hollywood, kwamba mtu mweusi hutoa hekima kisha huondoka ili hadithi ya mzungu iendelee. Hernandez hakuweza kuibadilisha kanuni hiyo, ila aliongeza uchovu fulani ambao haukuwa wa huruma.

Stars in My Crown ya Jacques Tourneur ni ya aina nyingine. Humo anaitwa Uncle Famous Prill, mzee aliyewahi kuwa mtumwa, mwenye kishamba kidogo. Chini ya ardhi yake kuna ulanga, na tajiri wa mji anautaka. Anapokataa kuuza, mazao na mifugo yake vinaharibiwa. Hatimaye usiku mmoja wanakuja watu waliojifunika mashuka, wamebeba mienge na kamba. Mchungaji wa mji anaomba awasomee wasia wa mzee kabla hawajamnyonga. Anasoma: huyu ameachiwa fimbo ya kuvulia samaki, yule ameachiwa mbwa, na kila kitu kinamkumbusha mmoja wa waliojifunika siku ya utotoni aliyofundishwa jambo na mzee. Mmoja mmoja wanaondoka. Baadaye mtoto anaziokota karatasi na kukuta hazina maandishi, naye mchungaji anamjibu kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Kwa Kiingereza jibu hilo ni mchezo wa maneno, kwa kuwa neno moja hubeba maana ya wasia na ya mapenzi pia. Kiswahili hakina neno linalochukua mizigo yote miwili, na mtafsiri angelazimika kuchagua. Wakati wote huo Hernandez hana la kusema. Amesimama kati ya mienge akisikiliza mali zake zikigawiwa. Anayelitazama onyesho hilo huenda akamkumbuka mchungaji na ufasaha wake, lakini bila utulivu wa yule mzee nyuma yake ufasaha huo ungekuwa mahubiri matupu.

Ya tatu ni The Breaking Point, pia ya Curtiz, iliyotokana na riwaya ya Hemingway ya To Have and Have Not. Katika riwaya, mtu mweusi wa melini anaonekana kwa macho ya dharau ya msimulizi. Katika filamu amefanywa mwenzi wa nahodha Harry Morgan, aliyeigizwa na John Garfield. Wesley Park na Morgan wanakula pamoja, wake zao wanajuana, watoto wao wanakwenda shule pamoja. Hakuna anayetoa hotuba juu ya udugu wa rangi. Wesley anauawa na majambazi, mwili wake unatupwa baharini, na Morgan anarudishwa bandarini akiwa amejeruhiwa. Umati unamshughulikia yeye. Watu wanapotawanyika, kamera inabaki juu, na chini gatini amesimama mtoto mdogo wa kiume peke yake, akitazama huku na huku akimngoja baba yake. Hapana aliyemwambia. Mtoto huyo aliigizwa na mwana wa Hernandez mwenyewe. Ni vigumu kutaja mwisho mwingine wa filamu ya miaka hiyo uliowasuta watazamaji wake kwa ukimya namna hiyo, kwani hata wao, kwa dakika kadhaa, walikuwa wamemsahau Wesley.

Baada ya mwaka huo ungetarajia milango ifunguke. Badala yake likaja pengo, na hakuonekana tena katika filamu za Hollywood mpaka 1955. Mwaka huo aliigiza hakimu katika Trial ya Mark Robson, jambo lililokuwa adimu kwa mwigizaji mweusi. Hata hivyo hadithi yenyewe inakiri kwa nini hakimu huyo ameteuliwa: mshtakiwa ni kijana wa asili ya Meksiko, na wakubwa wanataka uso mweusi kitini ili wasishutumiwe kwa ubaguzi. Hakimu Motley anajua anatumiwa, naye anaendesha kesi barabara akijua hivyo. Mwaka huo huo alikuwa meneja wa mabondia katika Kiss Me Deadly, nafasi fupi aliyoijua kwa mwili wake, na mwaka uliofuata akawa mtumishi wa nyumbani katika Ransom!, akirejea kwenye trei ile ile aliyokuwa ameikwepa kwa miaka mingi.

Hapa ndipo Kenya inapoingia. Something of Value, iliyoelekezwa na Richard Brooks na kutolewa mwezi Mei 1957, ilitokana na riwaya ya Robert Ruark ya 1955, na sehemu zake zilipigwa picha humu nchini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Dedan Kimathi alikuwa amenyongwa tarehe 18 Februari ya mwaka huo wa 1957, miezi mitatu tu kabla ya filamu kuonyeshwa. Sidney Poitier aliigiza Kimani, Rock Hudson akaigiza rafiki yake wa utotoni, mlowezi. Hernandez alikuwa Njogu, mzee anayewalisha vijana kiapo.

Riwaya ya Ruark imelaumiwa sana na Waafrika, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, aliirejelea kama mfano wa fasihi iliyowatetea walowezi. Filamu ni laini kidogo kuliko riwaya. Inakubali kuwa Kimani alipigwa kofi kwa sababu ya rangi yake na kwamba kofi hilo lilizaa mengine. Suala la ardhi, ambalo ndilo lililokuwa kiini cha vita, linaguswa juu juu kana kwamba ni ugomvi wa majirani. Na kiapo kinaonyeshwa kama giza la ushirikina, bila kumwambia mtazamaji kwamba Wagikuyu walikuwa na viapo vya kuamulia kesi na kufungia ahadi muda mrefu kabla ya Waingereza kuja.

Katika nafasi hiyo iliyopotoka, Hernandez alifanya nini? Jibu liko katika onyesho la kuhojiwa. Njogu amekamatwa, na vitisho vya kawaida havimfungui kinywa. Usiku kunatokea tufani. Mhoji wa kizungu, anayeyajua mambo ya Wagikuyu, anaitumia radi kama chombo: anampa mzee nafasi ya kufikiri kwamba Mungu wake anamsemesha. Mzee anavunjika na kusema. Kwa mujibu wa mswada, hili ni onyesho la mshirikina anayeogopa mlio wa radi. Uso wa Hernandez unasema jingine. Hofu yake inakuja polepole, kutoka ndani, nayo ni hofu ya mtu aliyeapa kwa Ngai na sasa anaona kwamba akinyamaza amepotea na akisema amepotea. Huo ni mgogoro wa kiimani ambao mwandishi wa tamthilia ya kale ya Ugiriki angeutambua. Mhoji anashinda, lakini mtazamaji makini hawezi kumheshimu kwa ushindi huo. Ikumbukwe kuwa jina Njogu kwa Kigikuyu ni ndovu. Filamu haikujishughulisha na maana hiyo, lakini mwigizaji alikuja na uzito wa kutosha kulistahili jina.

Msomaji wa Kenya anaweza kuuliza kama yafaa kumsifu mtu aliyesaidia kuipaka vita vya ukombozi rangi mbaya. Swali ni halali wala halifutwi na ustadi. Poitier naye alikuwamo, na hao wawili walikutana tena katika The Mark of the Hawk, filamu kuhusu nchi ya Kiafrika inayodai uhuru, iliyopigwa picha kwa sehemu Nigeria, ambamo Hernandez alikuwa mchungaji Amugu. Hazikuwako filamu za Waafrika wenyewe juu ya mambo hayo za kuchagua badala yake. La kufaa kwa mhakiki ni kuyatenganisha mambo mawili: kile ambacho mswada unamtumia Njogu kukisema, na kile ambacho mwigizaji anakiweka machoni mwake. Katika filamu hii vitu hivyo viwili vinapingana waziwazi.

Miaka iliyofuata alifanya kazi bila kupumzika sana. Alikuwa baba wa W. C. Handy katika St. Louis Blues ya 1958, mchungaji anayeamini kuwa muziki wa mwanawe ni wa shetani. Alikuwa Sajini Skidmore katika Sergeant Rutledge ya John Ford mwaka wa 1960, filamu ya askari weusi wa farasi. Katika Hemingway's Adventures of a Young Man ya 1962 aliigiza Bugs, anayemtunza bondia mzee aliyeharibika akili kwa makonde, sehemu iliyochukuliwa na Paul Newman. Na anayejua habari za Kid Curley hawezi kuwatazama wawili hao kwa macho makavu.

Ya kupendeza kuliko zote hizo ni ndogo zaidi. Katika The Pawnbroker ya Sidney Lumet, iliyotengenezwa 1964, duka la rehani liko Harlem, na mwenye duka ni Myahudi aliyenusurika kambi za mauaji na ambaye hataki tena kusema na mtu. Wateja wanaleta taa, vinara, saa. Bwana Smith naye huleta kitu, lakini anachokitaka si fedha. Anataka mtu wa kuzungumza naye juu ya Socrates na Spencer. Ameyasoma mengi, hana wa kuyasikiliza, na duka lile ndilo mahali pekee panapomlazimu mtu mwingine kusimama mbele yake. Anajibiwa kwa ukali, anakusanya heshima yake na kutoka. Hernandez, aliyejisomesha Shakespeare peke yake, hakuhitaji kutafuta mbali ili kumpata mtu huyo. Onyesho ni la dakika chache, na ndani yake mna maisha mazima ya msomi asiye na jamvi la kukalia.

Mwaka wa 1969, miaka ishirini baada ya Lucas Beauchamp, alirudi kwa Faulkner katika The Reivers, filamu ya riwaya ya mwisho ya mwandishi huyo, akiwa Uncle Possum. Mwaka uliofuata akaonekana na Poitier kwa mara ya tatu, katika They Call Me Mister Tibbs!. Kufikia hapo alikuwa amerudi kuishi Puerto Rico. Alifariki San Juan tarehe 17 Julai 1970 kwa kuvuja damu ubongoni, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sabini na minne, filamu hiyo ikiwa ndiyo kwanza inaingia katika majumba ya sinema.

Miaka yake ya mwisho ilichukuliwa na kazi nyingine. Pamoja na Julio Torregrosa alikuwa ameandika mswada wa filamu juu ya maisha ya Sixto Escobar, Mpuerto Rico wa kwanza kuwa bingwa wa ndondi duniani. Aliuandika kwa Kihispania, lugha ya utotoni mwake, akatafuta wafadhili kisiwani na kuwakosa. Akaketi, akautafsiri kwa Kiingereza, akaupeleka Hollywood kwa kampuni moja baada ya nyingine. Mazungumzo ya kuununua yalikuwa yangali yakiendelea alipofariki.